Nakala ya Tatu

Diski mpya ilikuwa inagonga. Ko, ko, kimya kidogo, halafu ko tena. Kwa mtu mwingine hilo si jambo, vyombo vya umeme vina kelele zao. Lakini Fundi alikuwa akitengeneza kompyuta tangu ujana wake, katika chumba hikihiki cha mbele cha nyumba yake, mlango mmoja ukitazama barabarani na mwingine ukiingia ndani kwa familia, na alijua vizuri kwamba diski za siku hizi, hizi nyembamba kama biskuti, hazina sahani inayozunguka wala sindano inayocheza. Ndani hazina kitu cha kugonga. Akainama, akaitegea sikio. Ko.

"Umeanza na wewe," akaiambia, kwa sauti ileile anayowapa wateja wanaorudi siku hiyohiyo.

Iliyokuwa na haki ya kugonga ni ile ya zamani. Ile ilikuwa inagonga, inakata roho, na ingekuwa ya mteja angemwambia bila kupepesa macho: ndugu yangu, tupa, nunua nyingine. Lakini ilikuwa ya kompyuta ya nyumbani, na ndani yake kulikuwa na sauti ya mke wake.

Mke wake alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, ugonjwa ambao kila hospitali iliupa jina lake. Miezi ya mwisho, aliposhindwa kutoka kitandani, aliomba asogezewe kipaza sauti, akajirekodi akimsimulia binti yao hadithi. Moja ilikuwa ya kuku aliyekataa kulala bandani. Katikati anakohoa, anaomba radhi, anajicheka mwenyewe, halafu anaendelea. Mwisho anasema: "Basi, hadithi imeisha. Lala sasa. Mama yupo." Kiti kinalia sakafuni, rekodi inakatika.

Binti mwenyewe walimbandika jina la Chiriku tangu alipojua kusema, kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Akirudi kutoka shule alikuwa hakubali kulala mchana bila hadithi ya kuku, na usiku hivyohivyo. Fundi alikuwa akisimama mlangoni kwa mtoto, akisikia lile "Mama yupo", akiuma midomo. Yupo. Yupo wapi? Yupo makaburini, na udongo umeshatitia, ndiko aliko.

Basi akanunua diski mpya, akazifunga zote mbili, akaanza kunakili. Hakuchagua faili hili na lile. Alinakili diski nzima kama ilivyo, kila kitu, hata usivyoviona, kama anavyopenda kuwaeleza wateja kwa majivuno kidogo. Ile ya zamani ilikoroma asubuhi nzima lakini ikafika mwisho. Mafundi wana mazoea yao, hawaamini mtu wala mashine, kwa hiyo kabla ya kufanya lolote lingine akatoa nakala ya akiba kwenye diski ya nje, kile kiboksi cheusi cha waya, akakitupia kwenye droo ya chini. Kisha akaingia kwenye menyu ya kubuti, pale kompyuta inapoulizwa iamkie diski ipi, akaichagua mpya, akawasha. Kioo kikafunguka hata kabla hajavuta kiti, na picha ya mke wake ikatokea, akicheka, na kanga begani.

Hapo ndipo ilipogonga.

Akafungua feni, akaitoa kabisa. Ko. Akabadilisha waya. Ko. Mteja akaingia na mashine iliyomwagikiwa chai, Fundi akaacha, akajisemea atalitazama baadaye. Kazi zilikuwa nyingi, na hadithi ya kuku ilikuwa inacheza vizuri. Alichokuwa anakitaka amekipata.

Siku chache zikapita. Wako mezani asubuhi, mtoto na sare yake ya shule, mkate mdomoni.

"Baba, mama siku hizi anaendelea."

"Anaendelea na nini? Meza kwanza."

"Hadithi ikiisha. Anasema mama yupo, kiti kinalia, halafu anakaa kimyaa. Halafu anauliza."

Fundi akaweka kikombe chini. "Anauliza nini?"

"Nani yuko macho."

"Na wewe unamjibu?"

Chiriku akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Nikimjibu si atajua sijalala? Atanigombeza. Najifanya nimelala."

Alimsindikiza shule, akarudi, akafungua mlango wa barabarani ukawa wazi wote ili mwanga uingie. Hakuwa anaogopa, alijiambia, anataka tu hewa. Pikipiki zilikuwa zinapita, jirani anapiga pasi dirishani na redio yake. Akaifungua hadithi ya kuku, akasogeza mkono ili airuke mpaka mwisho, mkono ukasita. Rekodi ilikuwa imerefuka. Si sana, lakini ilikuwa imerefuka.

Akasikiliza. Kuku akakataa kulala bandani, kikohozi, samahani mwanangu, kicheko, lala sasa, mama yupo, kiti kikalia, na pale ambapo siku zote palikuwa na ukimya wa kukatika pakawa na ukimya mwingine, ukimya wa chumba chenye mtu, na ndani ya huo ukimya kukawa na hatua za miguu mitupu zikitoka mbali, zikija taratibu, zikisimama, zikija tena, na kila zikisimama diski mle kwenye kompyuta ikagonga ko, kama anayebisha hodi kwenye mlango anaojua haujafungwa vizuri, mpaka pumzi ikasikika karibu kabisa na spika na sauti ya mke wake ikauliza polepole: "Nani yuko macho?"

Kilichomtia baridi si swali. Ni kwamba sauti haikuwa na kikohozi wala uchovu. Ilikuwa sauti nene, sauti iliyoshiba.

Alifungua mdomo. Hakujua anataka kusema nini, lakini alifungua mdomo, na angesema, kama mteja wa chai asingebisha hodi mlangoni kuulizia mashine yake.

"Fundi, una mgonjwa humu ndani?" mteja akauliza, akikunja pua. "Nasikia dawa ya kuchua. Na chini yake kama panya aliyekufa."

Fundi naye akaisikia. Ni ile dawa aliyokuwa akimpaka mke wake mgongoni kila jioni. Chupa yenyewe aliitupa siku ya mazishi.

Hakuwa na wa kumpigia isipokuwa mama mkwe, na mama mkwe ndiye mtu ambaye asingependa kumpigia. Wakati wa ugonjwa, mke wake alikuwa akilalamika kwamba kuna kinachogonga ukutani, upande wa kichwani. Mama mkwe alitaka aitwe mganga. Fundi akacheka, akasema, "Mama, hayo ni mabomba ya maji." Ukuta ule haukuwa na bomba hata moja, na mama mkwe alilijua hilo, na hakulisahau hata pale walipokuwa wanashusha jeneza.

"Shikamoo mama," akasema kwenye simu, kwa sauti ya chini kama mwizi.

"Marahaba. Leo umenikumbuka."

"Mama, ile kugonga. Imerudi."

"Mabomba," mama mkwe akasema. Halafu: "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Shule."

"Asiingie humo. Nakuja na mtu."

Huyo mtu alikuja amepakizwa nyuma ya pikipiki, akavua kofia ngumu, akabaki na upara na miwani iliyofungwa uzi. Mganga alionekana zaidi kama karani aliyestaafu. Aliomba maji, akanywa, akaomba aisikie hiyo rekodi. Akaisikiliza amefumba macho, kidole midomoni kuwaonya wasiseme kitu. Swali lilipoulizwa, mama mkwe alishika ukingo wa meza, lakini hakuna aliyejibu, na ile harufu ikajaa chumbani mpaka Fundi akahisi ladha yake kooni.

"Zima," mganga akanong'ona. Akafuta miwani. "Huyu alikuwa kwa marehemu. Alimla mpaka akammaliza. Mwenye mwili akiondoka, jini anatafuta pa kuegemea, na huyu aliegemea kwenye sauti, maana marehemu alikuwa amebakiwa na hiyo tu. Diski yenu ikaanza kufa, naye akawa anakufa humo. Ile kugonga alikuwa anaomba kutolewa." Akamgeukia Fundi. Hakumsema kwa ukali, na afadhali angemsema kwa ukali. "Ungeiacha ife, angekwisha. Wewe umemhamisha. Umempa nyumba mpya."

Fundi alimtazama mama mkwe, akingoja matusi. Mama mkwe alikuwa anatazama ukuta.

"Nakala ziko ngapi?" mganga akauliza.

"Mbili," Fundi akasema.

Jibu lilitoka lenyewe, na baada ya kutoka akaona halirudishiki. Alikumbuka kiboksi cheusi kwenye droo ya chini, karibu na goti la mganga. Mle hakukuwa na jini, alijiambia, mle kuna mke wangu. Na fundi gani anatoa nakala yake ya mwisho?

"Fikiri vizuri. Nikimtoa atakimbilia palipobaki. Pasipobaki kitu ataenda zake. Pakibaki, atakaa hapo anangoja kujibiwa, na anayemjibu ndiye anayemfungulia."

"Mbili, mzee. Ya zamani na mpya."

Zikawekwa mezani zote mbili, mpya ikiwa bado imefungwa kwenye mashine, na mashine inawaka. Mganga akaanza kusoma dua, sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu kugonga kukaanza, polepole, kisha mbiombio, kisha meza yenyewe ikawa inatetemeka, na spika, ambazo Fundi alikuwa amezichomoa kwa mkono wake, zikasema: "Baba Chiriku, unanifanyia nini?"

"Nyundo," mganga akasema bila kuacha kusoma. "Ni wewe uliyemleta. Piga wewe."

Fundi akaipiga ya zamani, sahani zake zikapasuka kama kioo. Akaichomoa mpya, na sauti haikukatika, ikamwacha yeye ikamgeukia mwingine.

"Mama," ikasema. "Mama yangu, mwambie aache. Naumia."

Mama mkwe aliketi chini sakafuni na nguo zake nzuri, akajiziba masikio, na mlio aliotoa haukuwa kilio wala neno. Fundi akapiga. Akapiga tena mpaka vipande vikawa vumbi, na harufu ikatoka chumbani kwa ghafla, kama iliyovutwa na mkono.

Aliponyanyua uso akamwona Chiriku amesimama mlangoni, begi mgongoni. Siku hiyo shule ilikuwa imewaruhusu mapema.

"Umemvunja mama," mtoto akasema.

Hakulia. Fundi alimfuata, akampigia magoti, akamweleza kwa maneno ya kitoto na ya kikubwa kwamba yule hakuwa mama. Chiriku akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvua viatu. Na kuanzia hapo yule chiriku akanyamaza. Alikuwa akijibu ndiyo baba, hapana baba, nimeshiba baba. Jirani wa redio akauliza mtoto ana nini, mbona haimbi tena uani. Mwalimu akamwita Fundi shuleni. Mchana alikuwa akilala chali, macho yameganda darini, na Fundi akichungulia anayafumba, kwa adabu, ili baba asije akaingia.

"Atazoea," mama mkwe akasema kwenye simu. "Mimi sijazoea, lakini yeye mtoto."

Fundi hakuweza kuvumilia. Watu wanasema uchungu unapungua, hao ni watu waliolala usingizi wao wakaamka wakanywa chai. Yeye alikuwa akikaa chumba cha mbele na bisibisi mkononi, akisikiliza nyumba ambayo haisemi, na kila siku goti lake lilikuwa likigusa ile droo. Halafu akili ya ufundi ikaanza kumshauri. Kinachodhuru ni ule mwisho tu, ikamwambia. Hadithi yenyewe ni safi, ni mkeo. Ikate pale anaposema mama yupo, iweke hadithi tupu kwenye flashi, kiboksi kivunje. Mtoto atapata mama yake. Utasikia tena mdomo wake humu ndani.

Akachagua mchana wa jua kali, Chiriku kitandani, mlango wa barabarani wazi. Mashine za wateja hakutaka kuzichafua. Akaichukua ile ya nyumbani, isiyo na diski tena, akachomeka kiboksi cheusi, akaingia kwenye menyu ya kubuti. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa kuchagua. Akauchagua. Mke wake akatokea kwenye kioo, akicheka, na kanga begani.

Akavaa hedifoni ili mtoto asisikie, akajifunga mdomo kwa kitambaa alichokuwa anafutia mashine, mkono mmoja tayari kwenye waya. Aliyakumbuka maneno ya mganga yote. Akabonyeza.

Kuku akakataa kulala bandani. Kikohozi, samahani mwanangu, kicheko. Machozi yakaanza kumtoka Fundi hata kabla ya nusu, akayaacha. Lala sasa. Mama yupo. Kiti kikalia, rekodi ikafika mwisho. Akangoja. Akatega sikio asikie hatua, asikie pumzi. Hakukuwa na kitu. Akatazama urefu wake, ulikuwa ule wa zamani, haujazidi hata kidogo. Ilikuwa safi. Mganga hakujua kitu, mama mkwe hakujua kitu, nakala yake ilikuwa safi, na Fundi akakivuta kitambaa chini akajifutia uso nacho, akicheka na kulia.

"Umechoka, eh?"

Haikuwa ile sauti iliyoshiba. Hii ilikuwa imekauka, na kikohozi kimejificha nyuma yake, sauti ya siku za mwisho, na neno lenyewe ni lile alilokuwa akimpokea nalo kila jioni alipofunga kazi akaenda kuketi pembeni ya kitanda, yeye mgonjwa akimuuliza mzima kama amechoka, na tangu azikwe hakuna mtu hata mmoja, si mama mkwe, si jirani, si wateja, aliyewahi kumuuliza Fundi swali hilo, na alijua, alijua kabisa anachokisikia ni nini na anayeuliza ni nani, lakini moyo ulikuwa umeshatangulia na midomo ikaufuata.

"Nimechoka sana, mke wangu," akasema.

Kioo kikazimika. Akavua hedifoni. Nje jua lilikuwa palepale, redio ya jirani inaimba. Hapakuwa na harufu.

Ko.

Akaweka kiganja juu ya kiboksi cheusi, kimetulia. Akakichomoa waya. Ko. Akainama chini ya meza, akaangalia droo, akategea sikio ukutani, na kugonga kukawa kunamfuata kila anakogeuka, hakuongezeki wala hakupungui, ko, ko, kimya kidogo, halafu ko, mpaka mkono ukapanda wenyewe kifuani, chini ya shati, upande wa kushoto, na vidole vikapokea kule kugonga kutoka ndani ya mbavu zake.

"Baba?" Chiriku akaita kutoka chumbani. "Unaongea na nani?"

Fundi alitaka kumwambia lala mwanangu, hakuna mtu. Alitaka kumwambia kimbia, toka nje, nenda kwa jirani. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kutoka kwenye koo lake mwenyewe ikatoka sauti nene ya mwanamke.

"Lala sasa. Mama yupo."

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndani kitanda kikalia, na yule chiriku, ambaye hakuwa amesikika tangu siku ya nyundo, akaanza kuongea kama zamani, maneno yakikanyagana kwa furaha: kwamba alijua, kwamba alimwambia baba, kwamba mwalimu amempa nyota, kwamba aje haraka kabla usingizi haujaisha, ameshasogea ukutani, amemwekea nafasi.

Fundi aliendelea kujiziba mdomo kwa nguvu zake zote, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.